Somo: Kioo cha rangi cha kuning'iniza dirishani, mchoro wa dau, vipande sita

Wengi wanaoniomba somo hili huanza kuuliza habari za lehemu: pasi ya wati ngapi, waya gani, unauzwa wapi. Lehemu ndiyo sehemu rahisi. Kazi ya vioo vya rangi huharibikia kwenye karatasi, kabla kioo hakijaguswa, kwa sababu mtu amechora umbo ambalo kioo hakikubali kukatwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mchoro na ukataji, na mengine nitayapita haraka.

Njia kuu ni mbili. Ya kale ni ya mikanda ya risasi yenye mfereji kila upande, ambamo vipande vya kioo hupachikwa. Ndiyo iliyounganisha madirisha ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, katika karne ya 12 na ya 13. Ya pili ni tepu ya shaba, iliyopata umaarufu mwishoni mwa karne ya 19 katika karakana ya Louis Comfort Tiffany mjini New York. Kila kipande huzungushiwa tepu nyembamba ukingoni, kisha vipande huunganishwa kwa lehemu. Zile taa zake zenye mamia ya vipande vidogo zisingewezekana kwa mikanda minene. Na nyingi kati ya hizo zilibuniwa na Clara Driscoll, aliyeongoza idara ya wanawake wakata vioo, ingawa sifa zote zilimwendea mwenye karakana. Hapa tunatumia tepu ya shaba kwa sababu meza moja na dirisha lililo wazi vinatosha.

Unachohitaji

Kikata kioo chenye gurudumu dogo la chuma kigumu (kile cha kuwekea mafuta ndani ni bora, cha kawaida kinafaa ukikichovya kwenye mafuta ya taa), koleo la mdomo mpana, jiwe la kunolea au mashine ya kusagia kioo, tepu ya shaba, flaksi ya majimaji ya kazi ya vioo (dawa inayosafisha shaba ili lehemu ishike), lehemu, na pasi ya lehemu ya wati 80 hadi 100. Pasi ndogo ya wati 30 ya fundi simu haifai; kioo hunyonya joto lake na lehemu huganda kabla haijatambaa. Miwani ya kinga na viatu vya kufunika vidole si hiari.

Lehemu iwe ya 60/40, yaani bati 60 na risasi 40 kwa mia. Huyeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi. Waya wa mafundi redio una utomvu ndani unaoungua na kuacha uchafu mweusi, kwa hiyo tafuta ule mtupu. Mafundi rejeta wana lehemu ya miche, ila uliza mchanganyiko wake kwanza. Risasi ikizidi, lehemu inakuwa nzito na haitelezi.

Hatua ya 1: Mchoro

Chora mstatili wa sentimita 20 kwa 25 uliosimama. Theluthi moja kutoka chini piga mstari wa upeo wa bahari. Mwili wa dau uweke chini ya mstari huo: ukingo wake wa juu umelala sawasawa kwenye upeo, tumbo limezama kwa mkunjo mpole. Tanga ni pembetatu moja iliyosimama juu ya dau kutoka tezi hadi omo.

Sasa angalia anga. Ukiiacha hivyo, anga ni kipande kimoja chenye pengo lenye umbo la tanga katikati. Pengo hilo huwezi kulikata. Ufa wa kioo hukimbia kutoka ukingo hadi ukingo. Haukubali kuingia ndani, kugeuka kwenye pembe kali, na kutoka tena. Dawa ni kutoa mstari mmoja kutoka ncha ya tanga hadi ukingo wa juu. Anga inakuwa vipande viwili, kila kimoja cha kukatika bila shida. Bahari nayo ifanyie hivyo: mstari kutoka chini ya tumbo la dau hadi ukingo wa chini. Jumla: anga mbili, tanga, dau, bahari mbili.

Mistari hiyo ya ziada ndiyo huwakera wanaoanza, kwamba inaharibu picha. Mimi naona kinyume chake: fundi hujulikana kwa mahali anapoificha. Ule wa juu ya tanga unaweza kuwa mwendelezo wa foromali, ule mti unaofungiwa tanga, na hakuna atakayeuliza unafanya nini pale. Mtu akitaka jua la duara katikati ya anga, ajue ametaka pia mistari isiyopungua miwili itakayotoka kwenye jua hilo hadi ukingoni. Liache kwa kazi ya pili.

Epuka pia ncha nyembamba sana. Kipande chenye ncha kali hufunikwa chote na tepu, na mwishoni unabaki na donge la lehemu badala ya rangi.

Toa nakala mbili. Zote ziandike namba za vipande, herufi ya rangi, na mshale wa mwelekeo wa mawimbi ya kioo ikiwa kioo chako kina michirizi. Nakala moja inabaki mezani, ya pili unaikata kwa mkasi kuwa vielelezo. Chora mistari kwa maka peni yenye unene wa milimita 1 hivi, na unapokata, uondoe mstari wenyewe wote. Nafasi hiyo ndiyo makazi ya tepu. Ukikata katikati ya mstari kila kipande kitazidi kidogo, na dau lako halitaingia kwenye fremu.

Hatua ya 2: Kioo

Kioo cha milimita 3 ndicho rahisi zaidi. Kile chenye rangi ndani ya kioo chenyewe huletwa na waagizaji na bei yake si ndogo. Rangi hutokana na madini yanayotiwa wakati wa kuyeyusha: kobalti hutoa bluu, chuma na shaba hutoa kijani, dhahabu hutoa waridi, seleni na kadimi hutoa nyekundu na machungwa. Ndiyo maana nyekundu na waridi huwa ghali kuliko bluu.

Kwa mazoezi nenda kwenye duka la vioo na aluminiamu uombe mabaki. Utapata bluu, kijani na kahawia za madirisha ya ofisi, na vile vya maua vya bafuni. Vingi ni vya milimita 5, vigumu kidogo kukata. Chenye maua kikate upande laini.

Hatua ya 3: Kukata

Futa kioo kwa spiriti. Gandisha kielelezo, kizungushie maka peni, kisha simama. Usikate umekaa, nguvu hutoka begani.

Kikata hakikati kioo, hukipiga chale tu, yaani mkwaruzo ambao utakivunjia hapo. Anza ukingoni kabisa, malizia ukingoni kabisa, bila kunyanyua mkono. Mgandamizo uwe uleule mwanzo mwisho. Sikiliza: chale nzuri hutoa sauti ya khaki inayopasuliwa taratibu. Ikinyamaza, gurudumu halijashika. Ikitoa vumbi jeupe na vichembe vinavyoruka, umekandamiza mno. Na usirudie juu ya chale. Hata kama unaona haikushika vizuri, usirudie: utaharibu gurudumu na kioo kitapasuka kinapotaka. Geuza kioo, tafuta mahali papya.

Vunja mara tu baada ya kupiga chale. Shika kwa ngumi mbili, vidole gumba juu kila upande wa mstari, pinda kwa nje na chini. Kwa ukanda mwembamba tumia koleo.

Kazi iko kwenye mkunjo wa ndani, hapa bahari inapokumbatia tumbo la dau. Usijaribu kuutoa kwa pigo moja. Piga kwanza chale ya mkunjo wenyewe, uiache. Kisha, kwenye sehemu ya kutupwa, piga chale nyingine mbili au tatu zenye mkunjo mdogo zaidi, na uzitoe moja baada ya nyingine kwa koleo kuanzia ya nje. Unausogelea mkunjo polepole hadi ufike.

Vichembe viondoe kwa brashi. Kiganja hakifuti meza ya kioo.

Hatua ya 4: Kusaga na kufunga tepu

Saga kingo kwa maji, kila mara ukirudisha kipande juu ya mchoro. Vipande vikae bila kusukumana, mwanya wa chini ya milimita 1. Osha kwa sabuni, kausha kabisa.

Kwa kioo cha milimita 3 tumia tepu ya milimita 5.6, kwa cha milimita 5 tafuta ya karibu 8. Ukingo wa kioo ukae katikati ya tepu ili kila upande ubaki na upindo ulio sawa. Upindo ukilalia upande mmoja, mstari wa lehemu utakuwa mnene hapa na mwembamba pale, na kosa hilo halifichiki. Kunja, kisha sugua kwa kipande laini cha mwanzi hadi tepu ilale bila mkunyato.

Hatua ya 5: Kulehemu

Panga vipande juu ya plaiwudi, vizuie kwa misumari pembeni. Paka flaksi, donoa kitone cha lehemu kwenye kila makutano ili visihame. Halafu pita mistari yote: pasi mkono mmoja, waya mkono mwingine, mwendo wa polepole usiosimama. Unataka mgongo wa mviringo ulioinuka. Ukikaa mahali pamoja sekunde nyingi kioo kitapasuka kwa joto. Geuza, rudia upande wa pili, kisha zungusha lehemu ukingo wote wa nje.

Vitanzi vya waya wa shaba vishikize pale ambapo mstari wa lehemu unafika ukingoni. Hapa kuna sehemu moja tu ya juu, ile ya ncha ya tanga. Kikiwa kimoja kinatosha iwapo ncha iko katikati. Kitanzi kilichoshikizwa kwenye tepu ya ukingo peke yake kitaibandua siku moja, na kioo kitaanguka.

Hatua ya 6: Kusafisha

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo mara mbili. Ukipenda mistari iwe na rangi ya shaba badala ya fedha, yeyusha mrututu kwenye maji, vaa glavu, paka kwa pamba, suuza. Ni sumu, usitumie chombo cha jikoni. Maliza kwa nta ya gari.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanza: Fundi, shikamoo. Vioo vya milango ya magari yaliyokufa viko vingi gereji, vingine vina tinti nzuri. Vinafaa?

Marahaba. Havifai. Vimetiwa joto na kupozwa ghafla kiwandani ili viwe vigumu, na ukivipiga chale vinasambaratika punje punje vyote. Cha mbele nacho ni tabaka mbili zilizogandishwa na plastiki katikati. Viache hukohuko gereji.

Mwanachama, Arusha: Na chupa je? Za kijani na kahawia zimejaa.

Chupa ni mviringo, haitalala kwenye mchoro. Ili uitumie lazima iyeyushwe kwenye tanuru, na hiyo ni fani nyingine. Wewe uko Arusha, watazame mafundi wa karakana ya Shanga wanavyotumia chupa zilizotupwa. Ukifika Nairobi, pita Kitengela Glass, karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze. Huko utaona kioo chakavu kikigeuka kuwa madirisha mazito.

Mwanachama, Mombasa: Kaka, lehemu yangu haitambai. Inajikunja vitone vitone juu ya shaba na kudondoka.

Shaba imechafuka. Tepu iliyokaa siku kadhaa kwenye hewa ya pwani hupata kutu, na mafuta ya vidole huizidishia. Isugue kwa pamba ya chuma hadi ing'ae, paka flaksi upya, lehemu siku hiyohiyo. Futa pia ncha ya pasi kwenye sponji yenye maji. Ikiwa nyeusi haipitishi joto.

Mwanachama, Dodoma: Mwalimu, mimi ni mjamzito wa miezi minne na nina mtoto anayetambaa. Nikifungua madirisha inatosha?

Hapana, dada. Moshi unaouona ni wa flaksi, nao haufai kuuvuta, lakini risasi huingia mwilini zaidi kupitia mikono, chakula na vumbi. Mtoto anayetambaa hulamba sakafu. Kwa sasa chora na kata tu, chumba ambacho mtoto haingii. Kulehemu kusubiri, au utumie baadaye lehemu isiyo na risasi. Inahitaji joto kubwa zaidi na mgongo wake hautoki laini sana, ila ipo. Wengine wote: msile wala kuvuta sigara mezani, na mnawe mikono kwa sabuni mkimaliza.

Mwanachama, Unguja: Vile vioo vya rangi kwenye nyumba za Mji Mkongwe, juu ya milango na kwenye roshani, ni tepu au risasi? Naomba pia ushauri, msikiti wetu unataka dirisha la meta mbili.

Vingi vya Mji Mkongwe si hii wala hii. Ni vipande vya kioo cha rangi vilivyopachikwa kwenye fremu za mbao. Mbao ndiyo inayofanya kazi ya risasi. Kwa dirisha la meta mbili ningewashauri mfuate njia hiyohiyo: seremala mzuri, vioo vilivyokatwa kwa mistari iliyonyooka, na pati ya mafuta ya kitani. Tepu ya shaba kwa ukubwa huo itapinda kwa uzito wake. Mikanda ya risasi ingewezekana, lakini ingetaka vyuma vya kukingia kila baada ya nusu meta hivi na mtu aliyekwishazoea.

Mwanachama, Tanga: Nimemaliza dau langu, limependeza, ila baada ya wiki mbili mistari imeota ukungu mweupe. Nimekosea wapi?

Ni mabaki ya flaksi, na unyevu wa kwenu unayachochea. Nta haikai juu ya asidi. Koroga magadi kidogo kwenye maji ya vuguvugu, sugua mistari kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji mengi, kausha juani. Kama rangi ya mrututu imetoka, paka tena. Kisha ndiyo nta.