Kuagiza bia ya bomba Ufaransa bila kuletewa ndoo

Wiki yangu ya kwanza Paris nilikaa nje ya baa moja karibu na kivutio cha watalii, nikamwambia mhudumu "une grande bière", yaani bia kubwa, nikijua nitapata kama chupa ya nyumbani. Ikaja glasi ya lita nzima, na bili yake niliitazama mara mbili. Baadaye nikafanya kazi ya kaunta Lyon, nikaona wageni wengi wakinaswa vivyo hivyo.

Hatua ya 1: salimia. "Bonjour", au jioni "bonsoir". Ukianza na shida yako moja kwa moja, utaonekana huna adabu, na utangoja.

Hatua ya 2: taja kipimo. Usiseme "kubwa" wala "ndogo". Cha kawaida ni demi, neno lenye maana ya nusu, ila usidhani ni nusu lita. Ni sentilita 25, yaani nusu ya chupa yetu ya mililita 500. Painti ya kale ya Paris ilikaribia lita nzima, kwa hiyo nusu yake ilikuwa kitu cha maana. Vipimo vikabadilika, jina likabaki. Sema "un demi, s'il vous plaît", yaani demi moja, tafadhali; hiyo tafadhali itamke "silvuple". Ukitaka ujazo wa chupa yetu, omba "une pinte", sentilita 50. Galopin ni nusu ya demi. Wateja wangu wazee wa Lyon waliimaliza wakiwa wamesimama, koti halijavuliwa.

Ulimi ukigoma, orodha ya bei huandikwa 25 cl na 50 cl. Weka kidole.

Hatua ya 3: aina. Blonde (ya rangi ya dhahabu), blanche (nyeupe, ya ngano), ambrée (ya kahawia nyekundu) au brune (nyeusi). Ukinyamaza, mara nyingi utapata blonde. Baridi au ya moto? Hakuna atakayekuuliza.

Hatua ya 4: kagua glasi. Nyingi zina kamstari. Bia ifike hapo, povu likae juu yake. Povu la vidole viwili si wizi, usigombane.

Hatua ya 5: kulipa. Kunywea kaunta mara nyingi ni nafuu kuliko kukaa nje, kwa hiyo soma bei kabla ya kuvuta kiti. Huduma imo ndani ya bei. Bakshishi ni hiari yako.

Ukitaka nyingine, inua glasi tupu useme "la même chose", yaani kile kile.