SOMO: Matokeo ya kidato cha nne yametoka, unakwenda wapi? (Soma kabla ya kuuliza)

Salaam wakuu. Nina steshenari ndogo karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kila mwisho wa Januari NECTA (Baraza la Mitihani) wakiachia matokeo, simu yangu haipumziki mpaka Juni, na swali ni lile lile: "Kaka, dogo kapata four ya 27, anaweza kusoma nini?" Nimechoka. Four ya 27, yaani daraja la nne kwa pointi 27, hainiambii kitu. Wanafunzi wawili wana 27 zinazofanana, mmoja anapokelewa chuo cha afya, mwingine hapokelewi, kwa sababu mmoja ana D ya Kemia na mwenzake ana F. Kinachofungua mlango ni herufi za masomo. Naandika leo mara moja, na atakayenipigia nitamtumia hii.

Hatua ya 1. Toa matokeo mwenyewe kwenye tovuti ya NECTA. Ya kusimuliwa na shangazi hayatoshi.

Hatua ya 2. Andika namba ya mtihani yote: S, namba ya shule, namba yako, na mwaka. Watahiniwa wa kujitegemea inaanza na P.

Hatua ya 3. Hesabu krediti zako, yaani masomo uliyopata A, B au C. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni.

Kidato cha tano cha serikali kinataka mambo matatu kwa pamoja. Uwe na A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu. Pointi za masomo saba zisizidi 25. Na masomo matatu ya tahasusi unayoomba (kundi la masomo utakayosoma kidato cha tano) yawe na jumla isiyozidi pointi 10, bila F (A ni 1, B 2, C 3, D 4). Rahisi, sivyo? Nami nilidhani hivyo. Mdogo wangu wa mwisho aliniletea karatasi yake, tukaiweka juu ya kaunta, nikapitisha kidole: GEO 'C', KISW 'C', B/KNOW 'B'. Moja, mbili, tatu. Nikamwambia kijana nunua godoro, unaenda shule. Kwenye mfumo wa kuchagua shule na vyuo nikamjazia tahasusi tu, sehemu ya vyuo nikaiacha wazi kwa kiburi.

B/KNOW ni Maarifa ya Biblia. Krediti zinahesabiwa kwenye masomo yasiyo ya dini. Dogo alikuwa na krediti mbili. Majina yalipotoka tukatafuta mkoa kwa mkoa, shule kwa shule, mpaka usiku, hayupo. Chuo hakuomba, kwa sababu yangu. Akakaa mwaka mzima akiniuzia peni na madaftari, na godoro lilikuwa bado kwenye nailoni yake chini ya kaunta. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepumua.

Kwa hiyo:
- Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia, yafute kwa penseli kabla hujahesabu. Hata kama una A.
- Ukiwa na krediti tatu kamili, usitembee kifua mbele. Hicho ni kigezo cha chini, nafasi ni za kushindania.
- Jaza vyuo hata kama una uhakika na kidato cha tano. Jaza.

Hatua ya 4. Jua njia zako.

Krediti zipo: kidato cha tano, au stashahada moja kwa moja. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, lakini nauli, godoro na vifaa ni vyako.

Krediti hazipo ila una D nne au zaidi, dini ukiwa umeshaitoa: vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi). Unaanza ngazi ya 4 (astashahada ya awali), ya 5, halafu ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Uuguzi na utabibu wanataka Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwe ndani ya hizo D. Famasia ni Kemia na Baiolojia. Uhandisi kozi nyingi zinataka Hisabati na Fizikia. Ualimu msiulize kama mna four, wanataka daraja la kwanza hadi la tatu.

D hazifiki nne: VETA (vyuo vya ufundi stadi), au kurisiti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi husema VETA kwanza. Ukifika NVA (cheti cha ufundi stadi) ngazi ya 3, vyuo vingi vya ufundi vinakupokea hata kama D zako ni mbili. Kurisiti unaweza kufanya huku unashika spana.

Hatua ya 5. TAMISEMI (wizara inayopanga wanafunzi shule na vyuo) wakifungua dirisha la Selform, ule mfumo wa machaguo, ingia ubadilishe machaguo uliyojaza ukiwa shuleni kabla hujajua matokeo. Ni bure. Nywila iandike nyuma ya daftari, isiwe kwenye simu ya rafiki. Ukimaliza, toka, ingia tena, uone kama mabadiliko yamekaa.

Hatua ya 6. Chuo binafsi kikikuita kwa ujumbe wa simu, kabla hujalipa hata mia, kitafute kwenye orodha ya NACTVET. Kisha tafuta KOZI yenyewe. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayouziwa haimo.

Hatua ya 7. Subiri majina. Chapa fomu ya kujiunga. Ripoti kwa wakati.

Maswali chini.

---

Mwana wa Dumila: Mkuu asante kwa somo. Mimi nina four ya 28, naweza kusoma nini?

Mwenye somo: Rudi juu, aya ya kwanza.

Mwana wa Dumila: Nimesoma lakini ni ndefu. Nisaidie tu kwa kifupi.

Mwenye somo: Kwa kifupi: soma.

Nuru_CBG: Shikamoo kaka. Nina Baiolojia B, Kemia C, Fizikia C, Hisabati F. Natamani PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), ila mwalimu mmoja kaniambia F ya Hisabati inanifungia. Ni kweli? Na kama si kweli, kwa nini watu wanasema hivyo?

Mwenye somo: Marahaba mdogo wangu. Hilo la "kwa nini" limenifurahisha. Kigezo kinaangalia F ndani ya tahasusi, na PCB haina Hisabati. Piga hesabu: 2 + 3 + 3 ni 8, uko ndani ya 10. Hisabati ingekufungia PCM, EGM, PGM, ambazo M yake ndiyo Hisabati. Ila wanaokutisha wana hoja nusu. Wa PCB wasiosoma Hisabati kama somo kuu hukutana na BAM (Basic Applied Mathematics), yaani Hisabati ile ile imevaa koti fupi. Anza kujinoa sasa. Pia angalia orodha ya tahasusi upya, mwaka 2024 zilitangazwa mpya 49, jumla zikawa 65. Wengi bado wanachagua zile walizosikia kwa kaka zao.

Fundi Saidi: Hivi kati ya kidato cha tano na stashahada ipi bora? Dogo ana vyote.

Mwenye somo: Inategemea C zake ziko wapi na mfuko wa nyumbani. Kidato cha tano na sita ni miaka miwili, kisha chuo kikuu kinataka alama kuu mbili (principal pass) zenye jumla isiyopungua pointi 4, na huko pointi zikiwa nyingi ndiyo bora, na kozi nyingi zinataka zaidi ya hapo. Akifeli hapo, anarudi kuomba stashahada aliyoiruka. Stashahada ni miaka mitatu, lakini anatoka na cheti cha kuombea kazi, na akipata GPA (wastani wa alama) ya 3.0 anaomba shahada. Mwenye C za kubahatisha kwenye sayansi, mimi nampeleka stashahada. Mwenye B za uhakika, shule.

Fundi Saidi: Umenena. Sasa mimi mwenyewe najenga mwaka wa kumi na mbili, sina cheti chochote.

Mwenye somo: Nenda VETA uulizie urasimishaji wa ujuzi. Wanakupima kwa unachojua tayari, wanajaza mapengo, unapata cheti bila kuanza moja na watoto. Nenda na picha za kazi zako.

Kijiwe cha Forodhani: Wewe si ndiye mnatoza watu elfu tano kujaza kitu ambacho ni bure? Leo umekuwa mwalimu?

Mwenye somo: Mfumo ni bure. Bando, umeme, wino na muda wangu si bure. Nimeandika hatua zote ili usinilipe, na bado umekasirika. Mwenye simu ajaze mwenyewe nyumbani, nitafurahi.

Mama Twins: Naomba kuuliza, samahani kama nimetoka nje ya mada. Niliacha shule nikiwa kidato cha tatu, nilipata ujauzito. Watoto sasa wana miaka miwili na nusu. Kidato cha pili nilifaulu. Naweza kurudi au ndiyo basi?

Mwenye somo: Hujatoka nje ya mada dada, uko katikati yake. Tangu Novemba 2021 waliokatishwa kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule ya kawaida, ila muda uliowekwa ni miaka miwili, na kwa hesabu yako umepita. Usikate tamaa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW). Kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, walianzisha madarasa ya wasichana walioacha sekondari, masomo ya miaka minne yakabanwa yawe miwili, bila ada. Nenda ofisi yao ya mkoa, uliza kama bado yanaendelea, kituo kilicho karibu, na masharti ya umri. Ya pili, kwa kuwa kidato cha pili ulifaulu, huhitaji QT (mtihani wa maarifa wa kupima sifa), unaweza kujisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tafuta matokeo yako ya kidato cha pili leo hii, uchape. Ukikwama, nifuate faragha, kuchapa ni juu yangu.

Mama Twins: Mungu akubariki kaka.

Nuru_CBG: Dada, mimi notisi zangu za kidato cha tatu na nne zipo zote. Niambie uko wapi.

Dogo Janja: Kuna jamaa anasema ana konekshen TAMISEMI, laki moja na nusu anakubadilishia shule. Vipi hapo?

Mwenye somo: Tapeli.

Dogo Janja: Lakini alimsaidia jirani yetu.

Mwenye somo: Jirani yenu alichaguliwa, yeye akachukua sifa. Asingechaguliwa angezima simu.

Mrina Asali: Niongeze. Watu wote wanakimbilia afya na uhasibu. Vyuo vya fani vinasahaulika. Mimi nimesoma Chuo cha Nyuki Tabora, tulipokuwa tunaripoti watu walinicheka stendi. Kuna Olmotonyi kwa misitu, Pasiansi kwa wanyamapori, FETA kwa uvuvi, LITA kwa mifugo, na MATI kwa kilimo. Hata hali ya hewa ina chuo chake Kigoma.

Mwenye somo: Hii naipandisha juu kwenye somo. Swali la uchokozi: ulishang'atwa mara ngapi?

Mrina Asali: Wiki ya kwanza niliacha kuhesabu. Fundisho: usijipake manukato siku ya kwenda mzingani.

Fundi Saidi: Na majina je? Cheti cha kuzaliwa cha dogo kimeandikwa Athumani, matokeo yanasema Othman.

Mwenye somo: Anza leo, usisubiri achaguliwe. Nenda kwa wakili au mahakamani mpate kiapo cha jina, nakala tatu, moja usiitoe kamwe. Wengi hukumbuka hili wanapoomba mkopo, dirisha limebaki siku mbili, foleni ya RITA (wakala wa vyeti vya kuzaliwa) imefika barabarani.

Mwana wa Dumila: Nimesoma yote sasa. Nina D ya Kiswahili, Uraia, Historia, Jiografia na Kiingereza. Dini nimeitoa. Zimebaki tano.

Mwenye somo: Umeona? Una D tano safi, vyuo vinakusubiri. Afya na uhandisi weka pembeni. Tazama maendeleo ya jamii, uhifadhi wa nyaraka, au sheria ngazi ya cheti, kisha soma masharti ya kila kozi kwenye mwongozo wa NACTVET. Niletee tatu ulizozipenda, tuzipitie moja moja.

Mwana wa Dumila: Ya nyuki je?

Mwenye somo: Baiolojia una nini?

Mwana wa Dumila: F.

Mwenye somo: Muulize Mrina Asali masharti yao. Mimi nafunga, umeme umekatika na mashine imebaki na karatasi ya mtu tumboni.