Wewe ni mtu wa wasiwasi na umeandikiwa EEG? Soma hii kwanza kabla uende

Kama umeambiwa ukapimwe mawimbi ya ubongo, ndio hiyo EEG, na wewe ni wale watu boda ikipiga honi nyuma yako moyo unaruka, hii nimekuandikia wewe. Mimi nakaa Kondele hapa Kisumu, nilizirai nikaandikiwa hicho kipimo, na usiku mzima sikulala nikiwaza ati mashine itasoma mawazo yangu na tabia yangu yote. Haisomi. Inasikiliza tu umeme mdogo sana wa ubongo kupitia kwa ngozi ya kichwa, na haikupigi shoti, yenyewe haiingizi umeme wowote kwako.

Nywele ndio kazi ya kwanza. Osha na shampuu usiku wa kuamkia siku yenyewe, usipake mafuta wala jeli. Kama umesuka au uko na weave piga simu mapema uulize, juu zile elektrodi, vile vidude vidogo vya kunasa umeme wanakubandika kichwani, mara nyingi 21, lazima ziguse ngozi, na wadada wengi wanarudishwa nyumbani wakiwa wameshalipa nauli kutoka Siaya huko. Kula chakula, njaa inabadilisha mawimbi, lakini chai ya rangi kali na kahawa wacha. Dawa zako usiache mpaka daktari aseme.

Ukishalala pale utaambiwa ufunge macho. Hapo ndio alfa inatokea, mawimbi ya mara 8 hadi 13 kwa sekunde, sana sana nyuma ya kichwa, ukifungua macho yanapungua. Hii kitu daktari Hans Berger wa Ujerumani ndiye aliionyesha, alianza kurekodi ubongo wa binadamu 1924 akachapisha 1929. Sasa mtu wa wasiwasi hata akifunga macho akili bado inakimbia, so alfa inaweza kuwa kidogo na beta, ile ya mara 13 hadi 30, ikaonekana zaidi. Lakini kuwa makini hapa: ukiuma meno, misuli ya taya na paji la uso inaandika michoro inafanana na beta kabisa. Kwa hivyo legeza taya, wacha midomo iachane kidogo, ulimi utulie, mabega yashuke. Mimi nilikuwa nimekaza mwili wote kama mtu ameshikilia kiti kwa matatu inakimbia, ikabidi warudie.

Alafu kuna sehemu hakuna mtu alinieleza na naomba wewe ujue mapema. Watakuambia upumue haraka na kwa nguvu kama dakika 3 hivi. Ukifanya hivyo kaboni dioksidi inashuka kwa damu, mishipa ya kichwa inabana, vidole vinawasha, midomo inakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, yaani ni vile vile unaskianga wasiwasi ikikushika. Mimi nilidhani nakufa. Hufi, ni hiyo pumzi tu, na ukirudi kupumua polepole inaisha kwa dakika chache. Mwambie anayekupima kabla aanze kwamba uko na wasiwasi. Na kama uko na mimba, shida ya moyo au ya mapafu, umewahi kupata kiharusi, au uko na selimundu, yaani sickle cell, ile huku kwetu iko kwa familia nyingi, sema kabisa hata kama hujaulizwa, juu hiyo sehemu inafaa irukwe.

Majibu yakitoka usikubali mtu akuangalie karatasi akuambie wewe ni mpole au ni mkali. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Hans Eysenck huko Uingereza alisema watu wanyamavu ubongo wao uko macho zaidi kuliko wa wale wachangamfu, watu wakapima mawimbi miaka na miaka, wengine wakapata hivyo wengine wakakosa. Chenye kimeshika zaidi ni hiki: mtu akikosea kitu kidogo, kama kubonyeza kitufe kisicho, ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ubongo unatoa wimbi la kosa, na kwa watu wa wasiwasi hilo wimbi kwa wastani ni kubwa zaidi. Mimi nilipojua hivyo nililia, juu maisha yangu yote nimeambiwa najifanya, kumbe kosa dogo kwa mtu kama mimi linaweza kupiga kelele kweli. Lakini hiyo inapatikana kwa utafiti, kwa kupima makosa mengi na kuyajumlisha, haitaandikwa kwa ripoti yako ya hospitali. Ile ya hospitali inatafuta mambo kama kifafa.

So EEG ikitoka safi haimaanishi wasiwasi yako ni ya uongo. Wasiwasi inajulikana kwa kuongea. Kuna maswali 7 yanaitwa GAD-7 yanauliza vile umekuwa wiki 2 zilizopita, unaweza kuomba uulizwe hayo ukiwa kliniki, ujibu ukweli hata kama mama au mzee wako yuko hapo kando, ama umuombe atoke kidogo. Na kabla uondoke omba kopi ya ripoti, daktari mwingine ataitaka.