Kuchora fonti ya pikseli inayosomeka kwa Kiswahili

Kisanduku kimoja cha herufi kina miraba (pikseli) 8 kwa 8. Herufi ijae 7 kwa 7. Safu ya mwisho kulia na ya mwisho chini zibaki tupu, kwani ndizo zinazotenganisha herufi na mistari. Vipimo hivi ni vya mashine za michezo za miaka ya 1980. Press Start 2P, fonti ya bure inayotumika sana, imefuata herufi za michezo ya Namco, kampuni ya michezo ya Japani.

Mistari ya wima ipe unene wa miraba 2, ya mlalo mraba 1. Televisheni za chogo zilififisha mstari wima wa pikseli moja, na unene huo ndio unaoipa fonti sura ya enzi zile.

Anza na M, maana Kiswahili hakiendi bila hiyo (# ni mraba uliojazwa, nukta ni mtupu):

##...##
###.###
#######
##.#.##
##...##
##...##
##...##

Ncha ya katikati iishie safu ya nne. Ukiishusha zaidi, neno kama MMOJA linageuka donge. W ni M hiyohiyo iliyopinduliwa juu chini.

Kwenye FontForge, programu ya kuundia fonti, weka kipimo cha em (kimo cha kisanduku kizima) 1024, ili kila pikseli iwe na vizio 128. Ukimaliza kuchora, unganisha miraba inayogusana iwe umbo moja; ukiiacha mbalimbali, nyufa nyembamba zitaonekana ndani ya herufi.

Sasa ng'. Ritifaa ikipewa kisanduku kizima, NG'OMBE inasomeka kama maneno mawili. Ipe upana wa pikseli 4 tu. Kama mchezo unalazimisha visanduku sawa, chora G nyembamba yenye ritifaa begani, ndani ya kisanduku kimoja. Tena weka ritifaa zote mbili, iliyonyooka na iliyopinda: baadhi ya simu huipinda zenyewe, na fonti isipokuwa nayo, alama ya fonti nyingine hujipenyeza katikati ya neno.

Tumia ukubwa ulio kigawe cha 8: 16, 24, 32. Kwa 20, pikseli moja inadai 2.5 za skrini, kwa hiyo kingo zinafifia au miguu inapishana unene. Kwenye programu ya picha, zima ulainishaji wa kingo. Herufi ndogo g, j, p na y zina mikia inayoshukia safu tupu ya chini, basi fonti ya ukubwa wa 8 ipe mstari wenye kimo cha pikseli 10 hadi 12.

Fonti hii ni ya vichwa, alama za mchezo na vitufe. Aya nzima inachosha macho. Hata huko, hesabu herufi kwanza. Skrini ya Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi, ina upana wa pikseli 160, yaani visanduku 20. BONYEZA KUANZA inakula 14, inatosha. MCHEZO HAUJAHIFADHIWA inakula 21, na A ya mwisho inakatwa. Andika HAUJAHIFADHIWA peke yake, au ugawe mistari miwili, usibane herufi.