Mambo ya Kupanga Kabla ya Safari ya Picha za Mandhari, Kuanzia Nakuru hadi Ziwani

Wanaoniuliza kuhusu safari za kupiga picha za mandhari huanza na kamera: ipi nzuri, lenzi ngapi, za bei gani. Mimi huwauliza wanakwenda mwezi gani. Mtu anayetafuta picha ya sanaa, ya kuchapishwa kubwa na kutundikwa kwa miaka, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa bado nyumbani na kalenda, ramani na simu. Safari yenyewe ni ya kwenda kuona kama hesabu zilikuwa sawa.

Hesabu ya kwanza ni ya jua. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, mji ulio kando ya Ziwa Victoria, na jua la huku hushuka karibu wima. Likiwa nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, limebakisha kama dakika 25 lizame, na dakika 20 na kitu baada ya hapo utahitaji tochi kuona vitufe vya kamera. Video za mafunzo zilizopigwa Norway au Iceland zitakupotosha. Kule mwanga laini wa jioni wakati wa kiangazi hukaa saa kadhaa, mtu akahama kilima hadi kilima. Kwetu unachagua mahali pamoja na kukaa hapo. Ukipanga kupiga machweo Dunga, ufuo wa wavuvi wa Kisumu, kisha ukimbilie Hippo Point, ukishakunja stendi, ukatafuta boda na kuipanga upya, rangi zimekwisha.

Kisumu jua huchomoza kati ya saa 12:20 na 12:50 asubuhi kutegemea mwezi: Novemba linawahi, Februari linachelewa. Anayetoka Mombasa ajue kwamba jioni yetu hufika, kwa wastani, dakika 20 baadaye kuliko alivyozoea. Lakini saa si kitu ukilinganisha na mahali jua linapozamia. Kati ya Juni na Desemba mahali hapo huhama nyuzi 47 hivi, kutoka kaskazini ya magharibi hadi kusini yake. Simama Dunga mwezi wa Juni uone jua likiangukia upande wa nchi kavu ya kaskazini ya ghuba. Rudi Desemba, linaelekea majini, na mng'ao wake unakuja juu ya maji hadi miguuni pako. Mitumbwi ni ile ile, picha ni nyingine kabisa. Menengai nako ni hivyo. Watu wengi husimama ukingo wa kusini, ulio juu ya mji wa Nakuru, wakitazama kaskazini ndani ya kreta ambayo upana wake mkubwa ni kilomita 12 hivi. Desemba jua la asubuhi linakuja kutoka nyuma ya bega na kuta zinaonekana bapa. Juni linatokea kaskazini mashariki, linapiga kwa mshazari, na kila mkunjo wa lava unapata kivuli chake. Programu za simu zinazochora njia ya jua na mwezi zitakupa jibu hili kwa tarehe yoyote, na za bure zinatosha.

Mvua ya magharibi nayo haifuati ratiba ya Nairobi. Masika ya Machi hadi Mei yapo, vuli ipo, lakini Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Agosti, wakati Nairobi ni baridi kavu, huku bado kunanyesha. Mara nyingi siku hujipanga yenyewe: asubuhi safi, mawingu yanajijenga adhuhuri, radi alasiri. Kericho huongezea mvua ya mawe. Basi asubuhi piga, mchana tembea ukitafuta mahali pa kesho. Wengi hukwepa miezi ya mvua, nami naona wanakosea. Januari na Februari hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba, na milima ya mbali hupotea. Radi ikishapita, ukiwa juu ya ukingo wa Nandi unaliona bonde lote la Kano hadi ziwani. Ndani ya msitu wa Kakamega wingu zito ndilo mwanga bora. Jua kali likipenya kati ya miti huacha madoa meupe ambayo hakuna kompyuta itakayoyarekebisha. Huko beba filta ya polaraizi, si kwa ajili ya kukoleza anga bali ya kuondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa ili kijani chake kionekane. Na vaa gambuti. Siafu hawaheshimu msanii.

Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina saa zake, na saa hizo hazikupangwa kwa ajili ya wapiga picha. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na jioni unatakiwa uwe njiani kutoka wakati rangi ndiyo kwanza zinaanza. Mwenye haja na jioni hiyo alale ndani, kambini au kwenye nyumba ya wageni, na nafasi aiweke mapema. Ada hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa hivyo malizana nayo ukiwa bado mjini. Kushuka garini ni sehemu zilizotengwa tu, kama Baboon Cliff, ndiyo maana stendi ya miguu mitatu hushinda kwenye buti. Beba badala yake mfuko mtupu wa kitambaa kigumu wenye zipu. Ukifika sokoni Nakuru nunua maharagwe kilo mbili, ujaze, ufunge, uulaze kwenye dirisha la gari lililoteremshwa nusu. Lenzi ndefu hutulia pale kuliko kwenye stendi nyingi za bei rahisi, na safari ikiisha maharagwe yanapikwa.

Usiende pale na picha za kalenda za zamani kichwani. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, lango kuu la zamani likamezwa, chumvi ikapungua na flamingo wengi wakahamia Bogoria. Migunga iliyokuwa ufuoni ilikufa ikiwa imesimama, na sasa vigogo vyake vimejipanga majini, vyeupe na vitupu. Watalii hulalamika. Kwa mtu wa picha nyeusi na nyeupe, ukungu wa asubuhi ukiwa bado chini, sijui kama kuna mahali pengine nchini panapompa umbo safi namna hiyo.

Ruhusa ni kazi ya simu na barua kabla hujafunga begi. Waulize KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kama upigaji wako utahesabiwa wa biashara, kwa kuwa masharti ni tofauti. Droni lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi hairuki bila idhini ya wenye hifadhi. Kisumu hasa uwe mwangalifu, maana uwanja wa ndege uko kando ya ziwa. Ndani ya Menengai kuna visima vya mvuke na mitambo ya umeme, usiielekezee kamera kabla ya kuuliza. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Nandi ni mali ya watu, hata kama hayana ua: andikia ofisi ya shamba, taja tarehe na idadi ya watu mtakaofika. Kit Mikayi, rundo la mawe makubwa kule Seme, ni mahali pa ibada. Ukiwakuta waumini wa Legio Maria wakisali kati ya mawe, subiri wamalize, na kiingilio ulipe bila kubishana.

Watu wakiingia kwenye mandhari, mambo hubadilika. Mchuma chai aliye mbali kama nukta ya rangi hana shida. Anayetambulika sura ana haki ya kuulizwa, hasa picha ikiwa ya kuuzwa, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Si maandishi matupu: Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza mamilioni ya shilingi biashara zilizochapisha picha za watu bila idhini. Karatasi moja ya ridhaa kwa Kiswahili, yenye nafasi ya jina na sahihi, inatosha. Chapisha kadhaa.

Kwenye Ziwa Victoria anza na BMU, kamati inayosimamia ufuo. Salimia, eleza unachotaka, uulize mwenye boti anayejua maji. Bei mkubaliane mkiwa nchi kavu, na jaketi za kuokoa maisha uzione kwa macho kabla ya kupanda. Upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani na kuchafua maji, kwa hiyo anayetaka maji kama kioo aondoke alfajiri. Viboko wanajulikana na wenyeji walipo: nahodha akisema hapo hatupiti, hakuna mjadala. Kuna pia wale wanaopenda kuingia majini hadi magotini wakiteremsha kamera karibu na mawimbi. Ziwa hili lina kichocho. Lala kifudifudi ukingoni, au weka kamera kwenye ubao wa boti. Eneo la ziwa lina malaria kuliko Nakuru, basi muone daktari kuhusu kinga kabla ya kuondoka, na ubebe chandarua.

Ukitaka taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, fuata mwezi. Wavuvi huzitumia usiku wa giza, wakati mbalamwezi haipo kuwavuruga dagaa, na boti zikitawanyika mbele ya Rusinga na Mbita unaweza kudhani kuna mji juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola, zenye weupe mkali zaidi, jambo linalobadilisha rangi ya picha nzima. Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa, kwa hiyo usije miezi hiyo kutafuta taa.

Vifaa vyenyewe havina maneno mengi isipokuwa unyevu. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,131. Lenzi iliyolala kwenye baridi ya juu ukaitoa begini ghafla ufuoni itafunikwa na ukungu papo hapo, ndani na nje, na kuifuta kunaongeza michirizi. Acha begi limefungwa nusu saa au zaidi lizoee joto. Vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya usivitupe. Na kama ulizoea kufunika kamera kwa mfuko wa plastiki mvua ikinyesha, tafuta njia nyingine: mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziingii hifadhini, chupa za maji zikiwemo. Fundi wa turubai atakushonea kifuniko kwa bei ya chakula cha mchana.

Stima hupotea, chaji kila unapokaa. Picha za siku zinakiliwe kwenye diski mbili usiku huo huo, moja kwenye begi la kamera na nyingine kwenye begi la nguo.

Jambo linalosahaulika ni ukubwa wa chapa. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6,000 kwa 4,000. Kwenye chapa ya upana wa mita 1 hizo ni kama 150 kwa kila inchi, zinazotosha kwa anayetazama kutoka kwenye kochi lakini si kwa anayesogeza pua kiooni. Ukitaka 300 kwa inchi, unahitaji karibu pikseli 11,800 kwa upana. Njia ni kupiga picha nne za wima, kila moja ikiingiliana na jirani yake kwa thuluthi, kisha kuziunga. Hilo linataka stendi iliyosawazishwa na kitu kisichosogea. Kreta itakubali, mtumbwi hautakubali. Ndiyo maana lazima ujue kabla kama unatafuta picha ya korido au ya ukuta mzima wa mapokezi. Amua pia idadi ya nakala za kila picha, tuseme 10 kwa saizi zote, kwa sababu ukishauza ya kwanza ikiwa na namba na sahihi huwezi kuongeza. Na bei uziandike kabla ya kusafiri, usafiri na fremu vikiwa ndani, kwa kuwa meneja wa hoteli unayolala akiona kazi yako kwenye laptopu atauliza hapo hapo, na swali lake la pili litakuwa punguzo akichukua tatu.