Somo: Pima uhuru wa lugha ya programu kabla hujaing'ang'ania

Leseni huria inakupa haki ya kuuchukua msimbo, basi. Haikuambii nani ana kauli ya mwisho wala mishahara inatoka wapi. Chunguza hivi.

Hatua ya 1: Nani anaamua? Tafuta hati ya uongozi, uisome yote. Ya lugha ya Python ni PEP 13 (PEP ni hati rasmi ya mapendekezo ya Python). Ilikuja baada ya muasisi wa Python, Guido van Rossum, kuachia ngazi Julai 2018, akiwa amechoshwa na mabishano makali juu ya alama moja tu, `:=`, inayokuwezesha kuipa thamani jina papo hapo ndani ya usemi. Leo linaongoza baraza la watu 5, linalochaguliwa kwa kura na watengenezaji wakuu, na hawaruhusiwi zaidi ya 2 kutoka kwa mwajiri mmoja. Kipengele hicho nakipenda sana: kampuni inaweza kuajiri mafundi wote inaowataka, baraza haliwi lake. Mradi wako hauna kitu kama hicho? Uliza kwa nini.

Hatua ya 2: Nani analipa? Agosti 2020 Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, wakiwemo waliokuwa wakiijenga lugha ya Rust. Lugha haikuanguka kwa sababu wachangiaji wengi walikuwa nje ya Mozilla. Februari 2021 ikazinduliwa Rust Foundation, ikiungwa mkono na AWS, Google, Huawei, Microsoft na Mozilla.

Hatua ya 3: Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaegemea nini? Rust hutumia LLVM, mradi mwingine wa zana za kujengea kompaila, kuzalisha msimbo wa mashine. Lugha ya Zig nayo ilianzia huko, ila tangu 2022 kompaila yake imeandikwa kwa Zig yenyewe, na wanaendelea kujenga vizalishi vyao vya msimbo wa mashine. Ni kazi ngumu, nawaheshimu kwa hilo.

Hatua ya 4: Soma pendekezo lililokataliwa. Je, mwenye hoja alipewa sababu, au alifungiwa mlango tu?

MASWALI

*Mkuu, shukrani kwa somo. Mbona Go iko chini ya Google na inadunda tu?*
Kweli, na ni lugha nzuri. Ila kauli ya mwisho iko kwa timu ya Google. Ukiichagua, ichague ukilijua hilo.

*Kiingereza changu cha kuungaunga. Nitaweza kuchangia?*
Utaweza, ndugu. Anza kwa kuripoti hitilafu: taja toleo, mfumo endeshi, kisha weka mistari michache ya msimbo inayoonyesha tatizo. Mhakiki ataiendesha mwenyewe na kuona kinachoharibika.