Kuchoma mkaa wa magunzi kwa jua na dishi la futi sita

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Igoma, Mwanza. Huu ni msimu wa pili wa kiangazi nachoma mkaa bila kuwasha kuni hata moja. Vijana wengi wananiuliza, basi naandika hapa mara moja kila mtu asome.

Kwenye tanuri la kufukia, sehemu ya kuni huliwa na moto ili zilizobaki ziive. Ndiyo maana kilo 100 za kuni hutoa mkaa kilo 10 mpaka 20 tu. Joto likitoka juani, hakuna kuni inayoliwa. Magunzi yanakaa ndani ya chuma kilichozibwa, hewa haiingii, kwa hiyo hayaungui: joto linatenganisha vilivyomo ndani yake, gesi inatoka, mkaa unabaki. Mimi natia gramu 600 za magunzi makavu, natoa gramu 170. Gesi nayo inawaka.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Pale Odeillo, Ufaransa, vioo vyao vya kukusanya jua hufikisha nyuzi zaidi ya 3,000. Huko Zürich, Uswisi, watafiti hupasha oksidi ya seriamu (metali iliyoungana na oksijeni) hadi nyuzi 1,500 hivi, ikaachia oksijeni; ikipoa kidogo wanaipitishia mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi, nayo inarudisha oksijeni yake kutoka humo na kuacha haidrojeni na monoksidi ya kaboni. Hizo mbili ndizo hugeuzwa mafuta. Chuma changu kingeyeyuka kwenye joto hilo. Magunzi yanataka nyuzi 400 hadi 450, na hizo tunazipata hapa Igoma.

Tafuta dishi la zamani la televisheni la futi sita, la bati zima, si la wavu, lenye miguu mitatu inayokutana katikati. Bandika vipande vya kioo vya sentimita 5 kwa 5 kwa silikoni. Vitafika elfu moja hivi, na mafundi vioo huwa wanatupa mabaki. Usivifanye vikubwa zaidi, maana kipande cha kioo ni bapa na doa la mwanga haliwezi kuwa dogo kuliko chenyewe.

Kujua doa litaangukia wapi, pima upana wa dishi na kina chake. Upana uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa kina mara 16. Langu lina upana wa sentimita 180 na kina cha 30: 32,400 kugawa kwa 480 ni sentimita 67.5 kutoka kitako cha dishi. Hapo ndipo unakaa uso wa kopo, yaani kile chuma chenye magunzi. Jua likiwa safi, kinachofika hapo ni zaidi ya kilowati moja, sawa na jiko la umeme la sahani moja.

Kopo nimelitengeneza kwa bomba la chuma la inchi 6, urefu sentimita 20. Chini nimechomelea sahani, hiyo ndiyo inayotazama dishi, nikaipaka masizi. Kwa ndani nimesimamisha nondo tatu fupi juu ya sahani hiyo kama vidole. Magunzi hayapitishi joto vizuri. Bila nondo ya chini yanaiva na ya juu yanabaki mabichi. Kifuniko ni cha bolti, kina bomba jembamba la kutolea gesi. Miguu ya dishi iimarishe kwa engo, maana mzigo huu ni mzito.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo nilipopoteza wiki tatu. Kopo la kwanza sikulivika chochote kwa nje. Juu ya kifuniko nilikuwa nimeweka kipande cha risasi, ile metali ya kuzamishia nyavu, niliyopewa na mvuvi wa Kirumba, kwa sababu risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Nilikaa kutwa nzima, upepo wa ziwani unapuliza, risasi iko vilevile. Chuma chenye moto mkali hutawanya joto pande zote, kinapoteza karibu kila kinachoingia. Nikachanganya udongo wa kichuguu na majivu, nikalivika kopo unene wa sentimita 5, nikaacha tundu moja tu la sentimita 9 pale doa linapopiga. Kesho yake, saa tano na nusu asubuhi, risasi ilikuwa tone linalong'aa. Nilimwita mke wangu aje aone.

Bomba la gesi lipeleke kwa mpira kwenye chupa mbili. Ya kwanza iwe tupu, ya pili iwe na maji. Mimi nilianza na ya maji peke yake. Wingu likapita, kopo likapoa, likavuta maji yote ndani ya chuma cha moto. Mvuke ukakata bolti mbili za kifuniko. Ningekuwa nimesimama mbele yake, leo nisingeandika. Chupa tupu inayadaka maji kabla hayajafika.

Vaa miwani ya kuchomelea. Fanyia kazi nje, kwani gesi hii ina monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu na inayoua. Ukimaliza, funika dishi kwa turubai, maana mtoto akipitisha mkono hapo ni jeraha la maisha.

Anza saa tatu asubuhi. Kwetu jua hufika juu kabisa karibu saa saba kasoro robo, si saa sita, na mwezi wa sita linaelemea kaskazini. Chomelea msumari wima kwenye ukingo wa dishi, ukitazama linakotazama dishi: kivuli cha msumari kikipotea, umelenga. Rekebisha kila dakika tatu au nne, kwani jua husogea nyuzi moja kila dakika nne.

Kwanza utaona mvuke mweupe, ni maji tu. Halafu moshi wa manjano wenye harufu kali. Huo ukipita kwenye maji unaacha lami, na unaobaki uwashe kwa kiberiti. Moto ukififia wenyewe, kama baada ya saa mbili hivi, magunzi yameiva. Chomoa mpira kwenye maji kwanza, ndipo ugeuze dishi.

Usifungue kopo likiwa na joto, mkaa utashika moto ukikutana na hewa. Mimi naliacha hadi kesho yake. Mkaa mzuri ukiugonga unalia kama kigae na hauachi harufu ya moshi mkononi. Vipande vilivyobaki na rangi ya kahawia vitenge, uvirudishe kwenye mzigo unaofuata, uviweke chini karibu na nondo.